Mbunge na redio kaseti yake: Mário Juruna wa Brazili

Asanteni, kaeni, kaeni. Wanaonijua washaanza kucheka, wanajua naanza na ile redio kaseti tena. Ndiyo, naanza nayo na sina haraka, maana kila nikimtaja Mário Juruna watu wanaikumbuka kama kichekesho na hicho kitu kinanikera miaka yote.

Brazili ya utawala wa wanajeshi, 1964 mpaka 1985, mnaijua, sirudii. Juruna ni Mxavante, kabila la wenyeji wa asili wa jimbo la Mato Grosso, mpaka anafika kama miaka 17 hajakutana na maisha ya wazungu, baadaye akawa mkuu wa kijiji. Shida ni ardhi. Wafugaji wakubwa wanaingia na ng'ombe wao, na ukitaka kulalamika ufunge safari mpaka mji mkuu, Brasília, kwa FUNAI, lile shirika la serikali la 1967 la kusimamia wenyeji wa asili. Unafika, unasubirishwa, bwana mkubwa anakwambia tumepokea, tunalishughulikia, nenda nyumbani. Unaenda. Kimya. Ukirudi, eti nani alikuahidi hivyo?

Hapo ndo jamaa akaanza kutembea na redio kaseti. Miaka ya 70 hiyo. Wenye umri wangu mnaikumbuka mashine yenyewe, ukitaka kurekodi unabonyeza vitufe viwili pamoja, kile chekundu na cha pleyi, inalia ka! chumba kizima kinasikia. Sasa fikiria wewe ndo mkubwa mwenyewe, umezoea ahadi za mdomo, mbele yako kakaa mtu ambaye Kireno chake unakicheka, anaitoa mashine, ka! halafu anakutazama, haya sema. Utasema nini? Ukinyamaza umejifunga, ukiongea umejifunga. Na sababu yake haikuwa fumbo, alitaka neno la mzungu libaki kwenye mkanda, kwa sababu likibaki hewani tu lilikuwa linapotea.

Najua kuna kijana hapo anataka kuniambia mzee siku hizi kila mtu ana simu, tunarekodi kutwa, mbona hakijabadilika kitu. Acha bwana! Wewe unarekodi kwa kuvizia, simu iko mfukoni, ukitoka hapo unarusha kwenye grupu watu wacheke. Yule alirekodi mtu akimwona. Ile mashine ilikuwa inafanya kazi kabla haijarekodi hata neno moja, mimi nasema hata betri zingekuwa zimekufa ingefanya kazi.

Na kumbukeni kisheria huyu alikuwa kama mtoto. Sheria ya 1973 iliwaweka wenyeji chini ya ulezi wa serikali, mlezi mwenyewe ndo hiyo FUNAI. 1980 akaalikwa Rotterdam, Uholanzi, kwenye Baraza la Russell, lile la kusikiliza kesi za wenyeji wa Amerika, serikali ikamnyima pasipoti, ikabidi mahakama ndo iamue aende. Mkuu wa kijiji mzima anaombewa ruhusa kama mwanafunzi wa bweni!

Halafu 1982 mtoto huyohuyo anachaguliwa mbunge wa shirikisho, mwenyeji wa asili wa kwanza Brazili, kwa PDT, chama cha upinzani cha Leonel Brizola, kura 31,000 na ushee. Mtu atauliza mbona alichaguliwa Rio de Janeiro na si kwao Mato Grosso. Swali zuri, na jibu unalo mwenyewe, hao wafugaji niliowataja unadhani kura za Mato Grosso zilikuwa mikononi mwa nani? Rio walikuwa wamechoka na wanajeshi, wakampa. Kwa hiyo anatungia sheria watu wazima huku mwenyewe ana mlezi, haya nielezeni hiyo.

Bungeni nitapita mbiombio, mwenyekiti ananionyesha saa. 1983 akasimama akasema mawaziri ni wezi, Rais Figueiredo akataka afukuzwe, ikaishia kwenye karipio. Akapigania kamati ya kudumu ya mambo ya wenyeji, ikapatikana. Kwenye uchaguzi wa rais wa 1985, ule uliopigiwa kura na wajumbe, si wananchi, akatangaza kwamba kapewa hela ampigie Paulo Maluf, mgombea wa chama cha wanajeshi, akazirudisha hadharani. Hii nayo wanaisimulia kwa kucheka, eti kwanza alizipokea. Sawa, alizipokea. Wangapi walirudisha?

1986 akashindwa. Kwa hiyo katiba ya 1988, yenye kifungu cha 231 cha ardhi za wenyeji, ikaandikwa yeye hayumo bungeni. Kisukari kikamweka kwenye kiti cha magurudumu, akafa Brasília 2002.

Mwenyeji wa pili kuingia bunge lile, Joênia Wapichana wa jimbo la Roraima, mwanasheria, kachaguliwa 2018. Hesabuni wenyewe toka 1982, miaka 36. Nilikuwa na dakika 10 nzima za huyu mama, na za Sônia Guajajara aliyekuwa waziri wa wenyeji wa asili 2023, karatasi hizi hapa, lakini mwenyekiti keshasimama. Haya, maswali. Na anayerekodi pale nyuma, simu iweke juu ya meza.