Msukumo Unatoka Nyuma

Ndugu zangu, anayeweza asimame. Inueni visigino, mbaki kwenye vidole. Huo mkazo mnaousikia kwenye shavu la mguu ndicho alichopoteza mtu aliyekatwa chini ya goti. Goti lake lipo, paja lipo. Msuli wa kumsukuma ndio haupo.

Ngazini tunautazama mguu wa mbele. Ni kweli, goti lake ndilo linalouinua mwili. Lakini ule wa nyuma, kabla haujakiacha kidato, unasukuma kwa kifundo cha mguu. Mguu wa bandia wa kawaida, hata ule wa nyuzi za kaboni, ni springi: unarudisha ulichoukandamiza, hauongezi kitu. Ndiyo maana tunawafundisha wengi kutanguliza mguu mzima wakipanda, na wa bandia wakishuka, kidato kimoja kimoja. Ni njia salama, ila mguu mzima unachoka kwa wawili.

Kifundo cha bandia chenye mota kina betri, na vihisio vinavyopima pembe na uzito. Mguu ukiwa hewani kinainua vidole visikwae ukingoni. Ukibaki nyuma, kinasukuma. Nilimwona mama mmoja akiusikia msukumo huo mara ya kwanza. Alisimama katikati ya ngazi, akageuka kutazama nyuma, kana kwamba kuna mtu amemshika. Kiganja kilikuwa kimeng'ang'ania kishikio. Alipofika kidato cha nane alikuwa anakigusa kwa vidole viwili tu. Mimi nilikuwa chini yake, na machozi yalinilenga.

Watu huniuliza habari za Zac Vawter, Mmarekani aliyepoteza mguu pamoja na goti, aliyepanda ghorofa 103 za Willis Tower, Chicago, mwaka 2012. Mguu wake ulikuwa na goti la mota pia, ukisoma ishara za misuli ya paja. Ni jambo kubwa, lakini ni kazi nyingine.

Kushuka ndiko kunakotisha. Mguu wa asili hutanguliza vidole, shavu likakaza polepole kama breki. Mota inaweza kupangwa ifanye hivyo, mradi soketi, kile kikombe kinachoshika kigutu, imeshika. Ikilegea, nguvu inapotelea humo humo, na ngozi inachubuka. Kigutu hunywea kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo jioni, kabla ya kuikabili ngazi, kaa chini, vua mguu, ongeza soksi moja kwenye kigutu, uvae upya.