Namna Alban Berg alivyoviunga vipande vya Woyzeck

Ndugu wasikilizaji, mwandishi Mjerumani Georg Büchner alipofariki Zürich mwaka 1837, akiwa na miaka 23, tamthilia yake ya Woyzeck, kisa cha askari anayemuua mpenzi wake Marie, ilibaki rasimu zilizokatikakatika, na mpangilio wa maonyesho haukujulikana. Karl Emil Franzos, mhariri wa kwanza kuichapa, alilisoma vibaya jina la askari yule. Ndiyo maana opera ya Alban Berg, mtunzi wa Austria, inaitwa Wozzeck.

Berg alibakiza maonyesho 15, matano kwa kila sehemu kati ya sehemu tatu. Kukata ni rahisi. Ugumu ni huu: muziki wake hauna noti ya makao, ile ambayo sikio huingojea irudi kama linavyongoja kituo cha shairi. Utaubebaje kwa saa moja na nusu? Mtunzi akifuata maneno tu, atapata vipande juu ya vipande. Berg alikimbilia maumbo ya kale. Daktari anayemfanyia askari majaribio, mtu wa wazo moja, alipewa pasakalia: mada ya noti 12 inayorudi kwa sura 21. Sehemu ya pili yote ni simfoni. Katika ya tatu, kila onyesho linashikwa na kitu kimoja tu.

Sikilizeni kifo cha Marie. Noti B haikatiki, mara iko chini kabisa, mara juu. Akishauawa, okestra inaivimbisha noti hiyo, ngoma kuu inapiga mdundo mkavu, kisha noti inavimba tena, kali zaidi. Mdundo ule ule ndio unaojenga onyesho la kilabuni linalofuata, kwa piano iliyopotoka sauti. Mshono unapigwa kabla pazia halijafunguliwa, na kwangu hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Waimbaji hukosea zaidi kwenye kughani, yaani ule usemi ulio nusu wimbo. Mdundo ufuatwe sawasawa. Noti iguswe, kisha iachwe mara moja. Ukiing'ang'ania, umeimba, ukiipuuza, unazungumza tu, na mstari unapoteza umbo.

Wozzeck akishazama bwawani, okestra peke yake inaomboleza katika ufunguo wa D ndogo, makao yaliyokosekana jioni nzima. Kiongozi wa okestra asiufanye huo kuwa mwisho. Bado mtoto wao yupo, amepanda farasi wake wa fimbo, na akodi, noti zinazopigwa pamoja, zinayumba huku na huku hadi zinakatika bila kituo. Berg alieleza kwamba hapo waweza kuunganisha na mwanzo wa opera.