Kubadilisha taa za dashibodi ya Corolla 110 kuwa LED, na kung'oa mishale bila kuharibu vipimo

Dashibodi unayoiona kwenye video hii ni ya Toyota Corolla 110, toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 1995. Upande wa kushoto namba zinasomeka. Upande wa kulia, kuanzia 120 kwenda 180, usiku ni giza tupu kwa sababu balbu moja imeungua na jirani yake imegeuka nyeusi kioo. Leo tunatoa balbu hizo za waya, tunaweka LED, tunabadilisha rangi ya mwanga, kisha kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi tunang'oa mishale ili tuufikie mgongo wa uso wa geji. Kufungua na kufunga ni dakika arobaini tu. Saa nyingine mbili zitaliwa na kazi moja: kuufanya mwanga uenee sawasawa. Ukiona dashibodi ya LED yenye madoa makali manne na giza katikati, ujue aliyeifanya aliruka hapo.

Kabla ya kushika bisibisi, fanya vipimo viwili. Washa gari, subiri injini ipate joto, kisha piga picha geji zote: mshale wa mzunguko wa injini ukiwa sailensa (yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta), wa joto na wa mafuta. Halafu tafuta barabara iliyonyooka, abiria ashike simu yenye GPS, nawe uende mwendo ambao mshale unaonyesha 60. Abiria aandike GPS inasema ngapi. Mara nyingi GPS itakuwa chini kidogo, labda 56 au 57, na hiyo si hitilafu. Spidomita hutengenezwa ili isisome chini ya mwendo halisi. Namba hiyo utaihitaji baadaye.

Vifaa. Bisibisi ya nyota namba 2 yenye shingo ndefu, na ikiwa na sumaku ni bora zaidi kwa sababu skrubu ikidondokea nyuma ya dashibodi utaitafuta mpaka jioni. Spana namba 10 ya betri. Kipande cha plastiki cha kubandulia, au bisibisi bapa uliyoizungushia utepe. Koleo la mdomo mwembamba, multimita (kipima umeme), utepe wa karatasi wa mafundi rangi, vijiko viwili vya chai na kitambaa laini kisicho na vumbi.

Balbu zenyewe ni za saizi mbili. Zile kubwa zinazomulika geji ni T10, za wati 3.4. Zile ndogo za alama za onyo ni T5, za wati 1.4 au karibu na hapo. Usinunue kabla ya kufungua na kuhesabu, maana klasta, yaani kile kisanduku kizima cha geji, yenye geji ya mzunguko wa injini na isiyo nayo hazina idadi moja. Ukinunua, ongeza mbili za akiba, kwa sababu katika pakiti ya bei rahisi hukosi moja yenye mwanga tofauti na wenzake.

Sasa betri. Fungua ncha ya hasi, isogeze pembeni, kisha subiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani. Kompyuta ya eabegi huhifadhi umeme kwa muda ili iweze kulipua mfuko hata betri ikikatika kwenye ajali. Sekunde hizo ni za kuuacha umeme huo uishe.

Shusha usukani mpaka chini kabisa. Inama, tazama juu ndani ya kofia ya plastiki inayofunika geji: kuna skrubu mbili zinazoelekea chini. Zitoe. Fremu iliyobaki imeshikwa na klipu. Vuta kwa vidole pande zote mbili kidogo kidogo, usivute kona moja kwa nguvu. Plastiki ya umri huu imekauka na jua, na klipu ikivunjika fremu itapiga kelele kila barabara mbovu. Ikitoka nusu, pitisha mkono nyuma uchomoe soketi za swichi zilizo kwenye fremu kama zipo.

Klasta yenyewe inashikwa na skrubu tatu au nne. Ukishazitoa, ivute kwako na uinamishe kidogo ili upate nafasi ya mkono. Nyuma kuna plagi za waya, kila moja ina ulimi wa kubonyeza. Bonyeza ulimi, vuta plagi, usivute waya. Kwenye Corolla za zamani zaidi zinazotumia kebo ya spidi, kebo nayo ina ulimi wake pale inapoingia. Na jambo moja hapa: plagi zikiwa nje, usiwashe swichi ya gari kwa sababu yoyote. Katika magari mengi kompyuta ya eabegi itaona taa yake haipo, itaandika kosa, na taa nyekundu itabaki inawaka hata ukirudisha kila kitu.

Weka klasta juu ya taulo, uso chini. Hiyo karatasi ya plastiki yenye njia za shaba ndiyo nyaya za klasta. Kila balbu imekaa kwenye soketi ya plastiki inayozunguka robo mzunguko. Izungushe kinyume cha saa, itatoka. Ikigoma, usilazimishe kwa koleo. Nyanyua ukingo kwa ukucha kwanza, kwa sababu soketi iliyogandana huondoka na kipande cha shaba, na shaba hiyo ikichanika ndipo kazi ya nusu siku inapogeuka ya wiki. Piga picha ya kila shimo na balbu yake. Baadhi ya balbu zina kofia ya mpira ya kijani au ya bluu, zivue uziweke kando.

Sasa chukua tochi ya simu, imulike kupitia mashimo huku ukitazama uso wa geji. Namba zikionekana nyeupe, una bahati: rangi ya mwanga itafuata rangi ya LED. Zikionekana za kijani, maana yake uso umepakwa wino wa kijani kwa nyuma, na wino huo ni chujio. Unapitisha kijani na kumeza karibu kila kitu kingine. Weka LED nyekundu nyuma yake na utapata giza, bluu utapata kitu kinachofanana na maji machafu. LED nyeupe itatoka kijani safi, na ukiniuliza, hapo pa kuishia panatosha kwa gari la kila siku. Anayetaka rangi nyingine lazima aondoe wino, na huko ndiko kwa mishale. Tutafika.

Kuhusu uchaguzi wa LED. Balbu ya waya humulika pande zote, na kile chumba cheupe ndani ya klasta kinautawanya mwanga huo. LED yenye lenzi moja ya duara mbele hutupa mwanga mbele tu, kama tochi, na ndiyo chanzo cha yale madoa. Tafuta T10 yenye chipu pembeni, kwa mfano zile za chipu tano za saizi 5050 (milimita 5 kwa 5): nne ubavuni, moja kichwani. Pima urefu wake na balbu ya zamani. Ikizidi, kichwa kitagusa uso wa geji na utaona doa jeupe. Ikiwa chipu ya kichwani bado ni kali, ifunike kwa kipande kidogo cha utepe mweupe au uipake rangi nyeupe ya kucha, chipu za ubavuni zifanye kazi. Kwa LED zenye lenzi ya plastiki, isugue kwa msasa namba 400 mpaka ipoteze mng'ao.

Rangi? Bluu inauzwa sana na inachosha macho mno safari ya usiku, hasa barabara zisizo na taa. Nyeupe yenye joto kidogo au rangi ya chungwa ni rafiki zaidi.

Pachika LED kwenye soketi, vuta vile vijiti viwili vya LED vibane nyaya za soketi vizuri. Soketi zenye kutu nyeusi zisugue kwa kifutio cha penseli. LED ina chanya na hasi, na soketi haikuambii upi ni upi. Usihangaike. Zirudishe zote, chomeka plagi za klasta, rudisha ncha ya betri, kisha washa taa ndogo bila kugusa swichi ya gari. Taa za geji kwenye Corolla zinawaka hata funguo ikiwa mfukoni, na hiyo ni njia salama ya kujaribu. LED isiyowaka itoe, igeuze nusu mzunguko, irudishe. Ikiendelea kukataa, jaribu nyingine, kisha pima shaba kwa multimita.

Ukiwa hapo, zima taa za karakana au subiri jioni. Kamera ya simu inaficha madoa ambayo jicho linayaona, kwa hiyo usiamini video, hata hii. Kaa kwenye kiti cha dereva, tazama. Sehemu ikiwa giza, zungusha soketi ili chipu za ubavuni zielekee huko, au badilishana LED mbili. Rudia. Mara tatu au nne ni kawaida.

Jaribu pia gurudumu dogo la kupunguza mwanga. Watu wengi wanalalamika kwamba baada ya LED halipunguzi kitu. Hesabu inaeleza. Balbu nne za wati 3.4 zinakula kama ampea 1.1. LED nne za nusu wati hazifiki ampea 0.2. Gurudumu la aina ya ukinzani, tuseme la omu 10, litazinyang'anya LED kiasi cha volti mbili tu, nazo haziguswi. Dawa rahisi ni kuacha balbu moja au mbili za waya kwenye saketi hiyohiyo, kwa mfano taa ya swichi za feni. Au unganisha ukinzani (rezista) wa omu 47 wa wati 10 sambamba na LED, mbali na plastiki kwa sababu unapata joto la kuunguza kidole. Gari lenye kipunguza mwanga cha elektroniki kwa kawaida halina tatizo hilo, ila LED za bei rahisi zinaweza kumetameta.

Alama za onyo ziache na balbu zake, hasa taa ya betri na ya eabegi. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu ya betri ndio unaoamsha jenereta ya kuchajia. Weka LED pale, umeme unapungua, na jenereta inaweza isichaji mpaka ukanyage mafuta sana, au isichaji kabisa. Ukilazimika kuweka LED kwenye alama nyingine ukaona inawaka hafifu hata ikizimwa, ukinzani wa omu 1,000 wa nusu wati sambamba nayo unamaliza tatizo. Rangi zibaki zilivyo: nyekundu kwa hatari, bluu kwa taa kubwa, kijani kwa indiketa.

Sasa mishale, kwa wanaoitaka. Fungua tena ncha ya hasi ya betri, toa klasta, fungua kioo cha mbele cha klasta. Kioo hicho kifute kwa maji na sabuni tu, tina (ya kuyeyushia rangi) inakifanya ukungu milele. Usiguse uso wa geji kwa vidole.

Bandika utepe wa karatasi kando ya kila mshale, weka alama ulipo. Mshale wa spidi na wa mzunguko hukaa ukiegemea kijiti kidogo. Unyanyue kwa upole upite juu ya kijiti, uuache ujishukie wenyewe mpaka utulie, na hapo ndipo pa kuweka alama, kwa sababu ndipo mhimili (kile kijipini kinachozungusha mshale) ulipo bila nguvu yoyote. Mshale wa mafuta wa Toyota za wakati huo unaweza kubaki pale ulipozimwa gari, basi uweke alama hivyohivyo na usiuguse mhimili.

Weka kadi chini ya vijiko, vijiko viwili vikikabiliana chini ya kitovu cha mshale, kisha sukuma sawasawa kwenda juu. Usiuzungushe. Mhimili ni mwembamba sana.

Wino wa kijani utoe kwa spiriti na pamba, ukijaribu kwanza kwenye kona inayofichwa na fremu. Usiotoka kwa spiriti unasuguliwa kwa msasa wa maji namba 1000, taratibu. Ukiona tabaka jeupe linaanza kuondoka, acha hapohapo. Tabaka hilo ndilo linalotawanya mwanga, na likiisha madoa yote uliyoyashinda yatarudi.

Kurudisha mshale, uelekeze kwenye alama ya utulivu, bonyeza kidogo, acha nafasi ya milimita moja kati ya kitovu na uso, kisha uvushe juu ya kijiti. Ukiubonyeza hadi mwisho utakwaruza uso na utakwama baridi ya asubuhi.

Funga kila kitu, washa swichi. Taa za onyo zote ziwake kisha zizime kama kawaida. Linganisha sailensa na joto na picha zako, kisha rudi barabarani na GPS. Kama 60 ya mshale sasa ni 63 ya GPS, mshale umekaa vibaya, fungua tena. Usiku endesha ukitazama kioo cha mbele cha gari: ukiona kivuli cha namba kikielea kwenye kioo, shusha mwanga mpaka kipotee.