Vidole Vilipokufa Ganzi

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo.

Wenyeji wetu wameniomba niseme nilivyofika kwenye ukocha wa waandika programu. Nitasema, ila itabidi nipitie wodini, maana kazi ninayoifanya leo nilijifunzia huko.

Nilianza mwaka 2008 hapa hapa Dar es Salaam, nikiandika mifumo ya hesabu za SACCOS. Mwaka 2014 nikakabidhiwa vijana sita niwafundishe, jina likabadilika nikaitwa kocha. Kazi haikubadilika. Kijana akikwama, navuta kiti, namwambia, "Hebu sogea." Nashika kibodi, dakika tano mfumo unatembea. "Asante sana, kaka." Kesho yake anakwama palepale. Miaka mitano nilikwenda hivyo, nikijiona nawasaidia.

Mwaka 2019 mitoki ikanitoka shingoni. Haikuuma, ndiyo maana nilichelewa. Zikaja homa za jioni na jasho la kulowesha shuka, nguo zikawa zinanipwaya. Kwanza nilitibiwa kifua kikuu, na hilo huwakuta wengi kwa sababu dalili zinafanana. Kinyama kilipokatwa kikapimwa, ikaonekana ni limfoma, saratani ya matezi.

Nikapangiwa mizunguko 6 ya dripu, mmoja kila baada ya siku 21. Kabla ya kila mzunguko natolewa damu. Chembe nyeupe zikiwa chini, narudishwa nyumbani. Mara ya kwanza niliumia sana. Nimeamka alfajiri, nimejikaza, nimeomba dua, halafu nesi ananiambia, "Kaka, damu haijapanda, njoo wiki ijayo." Nikabishana naye kwa habari ya ratiba! Baadaye ndipo nikaelewa. Ile ni dawa inayoweza kumwangusha mtu, kwa hiyo kabla ya kuongeza mzigo wanatazama kama mwili unaubeba. Nikajiuliza ni lini niliwahi kuwatazama vijana wangu kabla ya kuwaongezea kazi. Ilani ya Agile ya mwaka 2001, tamko la namna bora ya kuandika programu, ile ya watu 17 waliokutana Utah, Marekani, inafuatana na kanuni 12, na mojawapo inadai mwendo ambao watu wanaweza kuudumisha siku zote. Nilikuwa nawasomea kanuni hiyo saa mbili usiku, wakiwa bado ofisini.

Katika dawa zile mna moja iitwayo vinkristini. Inatibu, lakini inagusa neva. Mzunguko wa tatu, vidole vikafa ganzi. Vifungo vya shati akawa ananifunga mke wangu. Kwenye kibodi nabonyeza nisijue kama nimebonyeza. Nikiinua macho nakuta herufi moja imejipanga mstari mzima.

Niliporudi kazini, binti mmoja mwanafunzi wangu alikuwa na tatizo la malipo. Mteja analipa, mtandao unakatika, jibu linapotea njiani, programu inatuma ombi upya, na mteja anakatwa mara mbili. Jibu nilikuwa nalo. Mikono ndiyo sikuwa nayo. Nikamuuliza, "Ombi likija mara mbili, anayelipokea atajuaje kwamba ni lilelile?"

Akanyamaza. Feni inazunguka juu yetu. Nilitazama saa ya ukutani, zikapita dakika kumi na moja, ndefu kwangu kuliko dripu. Kisha akasema taratibu, "Kila ombi lipewe namba yake. Kama stakabadhi. Namba ikirudi, asikate tena, arudishe jibu la mwanzo." Akaandika jaribio kwanza, akatuma ombi moja mara tatu, akaunti ikakatwa mara moja. Miezi miwili baadaye nilimkuta akimweleza mwenzake habari ya stakabadhi, mikono yake ameikunja kifuani. Nilitoka nje nikalia.

Baadaye nikafahamu kwamba kocha Llewellyn Falco anafundisha jambo hilo kwa watu wawili wanaoandika pamoja: wazo lililo kichwani mwangu lisiingie kwenye kompyuta mpaka lipite mikononi mwa mwenzangu. Mimi nililetewa kanuni hiyo na ganzi.

Sitawaambia kwamba ugonjwa ulikuwa baraka. Ulikuwa ugonjwa. Mle wodini niliwaacha watu waliotamani kutoka kama mimi, na hawakutoka. Kila mwaka narudi kupimwa, na wiki ya kusubiri majibu chakula hakipiti. Hamu ya kazi ninayo, nyingi kuliko zamani, ila imehama. Zamani nilitaka nisiwe na mbadala. Sasa nikiondoka Ijumaa nataka Jumatatu mkae mfanye kazi bila kunipigia simu.

Haya, maneno yatoshe. Kaeni wawili wawili, kompyuta moja. Anayejua zaidi ahamie kiti cha pembeni, mikono aiweke mapajani.