Alizeti Yatazama Baharini: mazungumzo na wenye bustani, Bagamoyo

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Leo sizungumzii alizeti ya Singida, ile ya ekari na mashine za kukamua mafuta. Nazungumzia miche kumi au ishirini ya uani, ya kupendezesha nyumba na kupata punje za kuku. Nianze na kosa langu, maana naliona kila nipitapo, tangu Magomeni hadi Nianjema.

Mara ya kwanza nilipanda chini ya mwembe. Udongo wa pale ni mweusi, una unyevu, nikaona nimepata. Miche ikaota, ikafika kifuani kwangu, lakini ilikuwa myembamba na yote imelala upande mmoja ikitafuta mwanga. Vichwa vilivyotoka havikuzidi kiganja cha mtoto. Mmea huu unataka jua kali kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Kwa hiyo kabla hujashika jembe, toka nje asubuhi, adhuhuri na alasiri, uangalie kivuli cha nyumba na miti kinaangukia wapi.

Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, basi changanya samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi itaunguza mizizi. Mbegu zipande palepale zitakapokulia, kwa sababu mzizi mkuu wa alizeti hushuka chini upesi, na mche ukihamishwa mzizi huo hukatika. Fukia sentimita 3 hadi 5, mbegu mbili kila shimo, sentimita 30 toka shimo hadi shimo na 75 toka mstari hadi mstari. Ikishatoa majani manne, bakiza mche mmoja. Wengi hapa huona huruma kung'oa mche mzima, kisha wanavuna vichwa viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Ng'oeni.

Mimi hupanda mwezi Mei, masika yakielekea mwisho. Alizeti huchukua miezi mitatu hadi minne, hivyo vichwa hukomaa wakati wa ukavu na havishambuliwi na uozo. Ila kusi huwa linavuma. Inulia udongo shinani, na mche mrefu uufunge kwenye ufito.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niupende mmea huu. Tumba changa asubuhi hutazama baharini, jioni hutazama bara, na usiku hurudi lenyewe kutazama baharini. Mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka zaidi, kichwa kikalalia magharibi. Usiku huwa kinyume chake. Ua likichanua na shina likaacha kurefuka, hubaki limeelekea mashariki. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba waligeuza maua yaliyokomaa yatazame magharibi; yale yaliyoachwa yakitazama mashariki yalitembelewa na wadudu wachavushaji mara tano zaidi, kwa kuwa hupata joto mapema asubuhi.

Basi ukiyapanda upande wa baharini wa baraza yako, utakaa ukitazama visogo vyake! Yapande upande wa bara, mbali kidogo na ukuta ili nyumba isiyazibie jua la asubuhi.

Lisogelee ua moja ulichungulie katikati. Kile kichwa ni mamia ya vijiua vidogo, na huchanua kuanzia ukingoni kuelekea ndani, duara baada ya duara, kwa siku kadhaa. Yale majani ya manjano ya pembeni hayazai punje. Nyuki huzunguka na duara lililofunguka siku hiyo. Ndiyo maana nawasihi, ua likiwa wazi msinyunyize dawa ya wadudu.

Nyuma ya kichwa pakigeuka kutoka kijani kuwa manjano, ndege watakutangulia. Funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Pakianza kuwa kahawia, kata kichwa pamoja na kipande cha shina, ukitundike upenuni penye upepo. Mmea wenyewe hufa, hauchipui tena, kwa hiyo tenga punje za kichwa kilichoshinda vingine kwa uzuri.

Zangu za msimu uliopita zimo kwenye kikapu pale mlangoni. Kila mtu achukue kumi. Mwenye uwanja mkubwa aje tuzungumze.