Kabla Hujalipia Hard Disk

Assalaam alaykum, wazee wangu shikamooni, vijana habari za jioni.

Mlangoni nimeulizwa swali moja na watu wengi: kati ya Seagate, Western Digital na Toshiba, ipi bora? Hizo ndizo kampuni tatu zilizobaki duniani zinazotengeneza hard disk, zile diski za kuzunguka za kuhifadhia data, na kila moja ina modeli nzuri na modeli mbovu. Seagate ya terabaiti 3, ile ST3000DM001, ilisifika kwa kufa mapema, ilhali ndugu zake wa kiwanda kilekile wanadumu. Kwa hiyo jina lisikutoe pesa mfukoni. Pima diski yenyewe.

Ukiletewa ya mtumba hapo Ngamiani, Tanga, mwombe fundi aichomeke, afungue programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Kwanza soma saa ilizowashwa. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Ikionyesha 40,000, imeshakesha zaidi ya miaka minne. Halafu tazama mstari wa 05 na wa C5. Wa kwanza huhesabu sehemu zilizoharibika zikahamishwa, wa pili zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Nataka sifuri kote kuwili. Pasipo sifuri, mimi siichukui hata ya bure, maana hapo ndipo picha za harusi za watu zitakapopotelea.

Na "mpya" nayo ipimeni. Mapema 2025 huko Ujerumani ziligunduliwa Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, saa zake zimerudishwa sifuri. Zilizowaumbua wauzaji ni kumbukumbu za ndani ya diski ziitwazo FARM, ambazo programu ya smartmontools huzisoma.

Kuna na diski za aina ya SMR: mistari ya data imepandiana kama makuti paani, ukiandika upya mmoja inabidi uandike na majirani zake. Kwa kuhifadhia tu inafaa. Kwa mwenye studio anayehariri video kutwa, ni mateso. Atafute CMR, ambayo mistari yake haipandiani, na asome karatasi ya modeli kwenye tovuti ya kampuni, kwa sababu lebo huwa haisemi.

Windows yenyewe iwekeni kwenye SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi; hizi za kuzunguka ziwe za kuhifadhia.

Diski ya zamani ikianza kugonga, izimeni. Msiiwashe tena na tena kujaribu bahati. Mpelekeeni fundi wa kuokoa data kabla ya kufikiria ya kununua. Na mkinunua, nunueni mbili: ya kazi, na ya nakala inayolala kabatini ikiwa imechomolewa, umeme ukicheza isiguswe.