Kipimo Hakioni Kitu, Mbona Bado Nameza Vidonge?

Assalamu alaykum, hamjambo wazee wangu na vijana. Hapa Mombasa swali hilo la juu naulizwa sana, tena na watu wenye VVU wanaomeza dawa zao vizuri. Nianze nalo.

Kirusi peke yake hakili wala hakizai. Ni vinasaba ndani ya ganda la protini, basi. Ni mgeni aliyekuja mikono mitupu, akaingia jikoni kwako na kupikia sufuria zako na unga wako. Virusi vya mafua huzaana kwa fujo, kinga ikavimaliza, mkasahauliana. Hivyo tuviache.

VVU ni habari nyingine. Vinasaba vyake ni RNA. Kimeng'enya kimoja (protini inayofanya kazi maalumu) huigeuza kuwa DNA, aina ile ya vinasaba vyetu, na cha pili huipachika DNA hiyo ndani ya kromosomu, yaani uzi wa vinasaba, ya seli ya CD4, askari wa kinga ya mwili. Seli ikigawanyika, nayo inanakiliwa. Baadhi ya seli hizo ni za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kutulia miaka na miaka. Dawa huzuia virusi kuzaana. Sasa seli iliyolala haitoi kirusi hata kimoja. Dawa itazuia nini? Watafiti wanakadiria akiba hiyo ya seli zilizolala na virusi hupungua nusu kwa takriban miezi 44. Ndiyo maana ukiacha vidonge, aghalabu baada ya wiki chache virusi vinajaa tena damuni. (Ila wanandoa wasikie: ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.)

Mtaniuliza, je, yule Mmarekani, Timothy Ray Brown? Kweli alipona VVU, baada ya kupandikizwa uboho mjini Berlin, mara ya kwanza 2007. Lakini alipandikizwa kwa sababu ya saratani ya damu, na upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Si tiba ya kumpa mtu anayeishi vyema kwa vidonge.

Na ninyi mnaojiona hayawahusu: mliougua tetekuwanga utotoni bado mnavyo virusi vyake, kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo. Kinga ikidhoofika, kwa uzee au maradhi, hushuka na neva hadi ngozini. Huo ndio mkanda wa jeshi. Malengelenge hukaa upande mmoja kwa kuwa yanafuata njia ya neva, si kwamba mtu karogwa. Babu mwenye malengelenge hayo ayafunike, na asimpakate mjukuu ambaye hajaugua wala kuchanjwa tetekuwanga mpaka yakauke, maana mtoto anaweza kupata tetekuwanga.